Ramani ya shemeji yangu inajibu haraka

Leo nusura nizamishwe na ramani.

Mdogo wake mume wangu anasoma chuo kikuu, Al Khoudh. Kila idara ina ramani zake kwenye kompyuta zake, na yeye anaziunganisha. Eti huna haja ya kujua ramani iko wapi. Unaitaja jina, na kompyuta ya karibu yenye nakala inakujibu.

Mvua kubwa imenyesha, mwanangu yuko chekechea ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha. Nikawasha gari. Shemeji akajipakia na laptopu yake, hakuna aliyemwita, akanitafutia njia ya mkato.

Tukafika. Maji ya wadi yamekata barabara.

"Pita, shemeji. Ramani inasema hapa pana daraja."

"Mimi naona maji."

"Labda liko chini yake."

Jamani. Msomi huyo.

"Hiyo nakala ya lini?"

Akapekua laptopu. Hajui, na kompyuta yake haikumwambia. Mbele yetu zimesimama nguzo mbili tupu. Daraja lilishachukuliwa na mafuriko, mwanangu hata hajazaliwa.

Nikageuza gari, nikazunguka barabara kuu. Nimemkuta mtoto mlangoni na mwalimu, wenzake wote wameshaondoka, kakumbatia kiatu kimoja.

Shemeji bado anajitetea: "Lakini uliona jibu lilivyokuja haraka?"

Nimeona. Na huyu wangu wa miaka mitatu ukimuuliza kama amenawa mikono, anajibu "ndiyo" hujamaliza kuuliza.

Yeye angalau nnamkagua mikono.