Uzi wa Kaniki kwenye Kabureta

Mwezi umepita tangu tumzike Bibi, au niseme tangu wamzike, maana Baba hakuwahi. Nimerudi bwenini, na yale niliyoshindwa kuyasema kwa mdomo nayaandika humu daftarini.

Baba ni bwana shamba msaidizi. Tunakaa Kibaha, na kazi yake ni kuzunguka vijijini kukagua mihogo na mikorosho ya watu. Anazunguka kwa pikipiki ya zamani ya jeshi, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya vita. Rangi imebanduka, kiti kimeshonwa kwa kamba ya katani, lakini kwenye mchanga na matope hakuna cha kuishinda. Baba anaipenda kuliko anavyokubali. Jioni huiwasha uani akaketi barazani, injini inanguruma yenyewe polepole, duk, duk, duk, naye amefumba macho. Kunguruma huko, bila kuvuta mafuta, ndiko mafundi wanakoita silensa.

"Pikipiki isiyo na silensa," husema, "ni kama mtu asiyejua kupumzika. Anakimbia au anaanguka, hana la katikati."

Nikiwa likizo, kazi yangu ilikuwa kuchuja petroli. Yetu hutoka kwenye pipa lenye kutu, na lazima ichujwe kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Kulikuwa na kipande cha ngozi laini kilichokuja na pikipiki yenyewe. Kinapitisha petroli, kinazuia maji na uchafu. Likizo hii nilikianika uani nikasahau kukiingiza ndani, mbwa wa jirani akakitafuna. Nilipaswa kusema. Sikusema. Mimi si mwongo, ila neno hunikwama kooni, na likishakwama leo, kesho huwa kubwa zaidi.

Nikachukua kaniki. Bibi, mama yake Baba, alinikatia nusu ya kaniki yake kuukuu siku nilipokwenda shule kwa mara ya kwanza, nijifunike bwenini. Bibi aliishi Marui, mbele ya Maneromango, na ndiye aliyenifundisha kuchuja tui: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka chicha isikudai kitu. Nikakata kipande cha kaniki, nikachuja petroli vilevile, mara tatu. Kwa macho ilikuwa safi. Sikujua kwamba nguo iliyofuliwa miaka kumi huachia nyuzi ndogo kuliko kope, na kwamba kila nilipochuja tena niliongeza nyingine. Nilijiona hodari.

Alfajiri moja, Baba hajakunja mswala, binamu yake kutoka Marui akaingia uani na baiskeli, matope mpaka magotini.

"Kaka, mama hali si nzuri. Amesema uje. Anasema usisahau ahadi."

Ahadi yenyewe tuliijua wote nyumbani. Baba ndiye mwanawe pekee wa kiume, na Bibi alikuwa akimwambia kila tulipokwenda kumwona: siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeshuka kaburini kunipokea, nisipokelewe na mikono ya watu. Kwetu maiti hangojeshwi. Akifa asubuhi, jioni amelala. Kwa hiyo Baba hakunywa hata chai. Mama mzazi alibaki na mdogo wangu mchanga, binamu akabaki kupumzika.

"Mama, panda," Baba akaniambia. Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

Tulikwenda vizuri mpaka mtelemko wa kwanza. Baba alipofunga mafuta tushuke polepole kwenye utelezi, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Akapiga kiki mpaka ikawaka. Akivuta mafuta ilikwenda kama kawaida. Akilegeza tu, kimya. Na njia ile wakati wa masika ni kulegeza na kuvuta, kulegeza na kuvuta. Kila dimbwi tulishuka, kila dimbwi tulisukuma. Akakaza skrubu ya silensa robo mzunguko, akalegeza ile ya hewa nusu, akachomoa plagi akaifuta kwa pindo la shati. Wapi.

Tulifika Kisarawe tukiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Pale palikuwa na fundi wa baiskeli na cherehani, mzee mnene aliyewahi kuendesha pikipiki kama hizo vitani. Tukamwamkia.

"Marahaba. Bwana shamba, mihogo imekushinda, sasa unalima barabara?"

"Mzee wangu, nina haraka. Mama yangu mgonjwa, Marui. Nikifunga mafuta inazima, silensa haikai."

Mzaha ukamwisha. Akatandika gunia, akafungua kabureta, akatoa boya akalitikisa sikioni asikie kama limeingia petroli. Halafu akafungua jeti ndogo ya shaba, fupi kama punje ya mpunga.

"Hii ndiyo inayolisha silensa. Ile kubwa ni ya mwendo, ndiyo maana ukivuta inakwenda." Akaiinua kwenye mwanga. "Imeziba. Hata jua haionyeshi."

Baba akaokota sindano juu ya cherehani, akampa.

"Hiyo nashonea kanzu, bwana. Ukiichokoa kwa sindano unapanua tundu, halafu itakunywa petroli kama mlevi." Akaiweka midomoni, akapuliza. Kitu kikatoka, kikatua kiganjani mwake: uzi mweusi, mfupi.

"Unywele," Baba akasema.

"Unywele upi, na wewe kichwani umebakiwa na uwanja? Uchafu wa pipa huu. Unachuja kweli?"

"Anachuja huyu binti. Kwa ngozi."

Fundi akanigeukia. "Mwali, unachuja vizuri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona hasemi?"

"Anasema kwenye daftari," Baba akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Nilikwisha kuutambua ule uzi. Weusi wake ulikuwa wa kaniki, wenye bluu kwa ndani. Nilijua kwamba tangi zima limejaa nyingine. Kando ya fundi palikuwa na debe la petroli safi, na nilihitaji maneno matatu tu: nilichuja kwa kaniki. Wangeimwaga ile yote, wakasuuza tangi, wakajaza upya, nasi tungeondoka. Nilitazama debe. Nikatazama uso wa Baba. Nikaogopa kuliondoa lile tabasamu. Ndilo jambo lililonizuia, dogo kiasi hicho, na sina lingine la kujitetea.

Injini ikawaka kwa kiki moja, silensa imetulia. "Kamsalimie mama," fundi akasema.

Tulipita Maneromango kengele ya misheni ikigonga adhuhuri. "Tutamkuta, mama," Baba akasema juu ya bega. Mbele kidogo njia ikateremka kwenda mtoni, akafunga mafuta, na injini ikakohoa mara mbili.

Safari hii alifungua kabureta mwenyewe, vidole vikiteleza. Skrubu moja ikamponyoka majanini, tukapiga magoti wote wawili kuitafuta. Akapuliza jeti kama alivyomwona fundi. Ikatupeleka nusu maili, ikaziba. Akapuliza tena. Ikatupeleka chini ya hapo. Mwishowe akaiegemeza kwenye mkorosho, akaacha hata mfuko wake wa spana, tukashika njia kwa miguu. Alitembea mbio, mimi nyuma yake nakimbia. Bado ningeweza kusema. Lakini sasa ingesaidia nini?

Tulikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Mjomba wake Baba akamshika mkono.

"Tulikungoja mpaka alasiri, mpwa wangu. Tukaswali, tukangoja tena. Maji yalikuwa yanajaa kaburini."

"Nani alimpokea?"

"Mimi, na vijana wa jirani."

Baba akaitikia, akapita kwenda kaburini peke yake. Mimi nikaingia kwa wanawake. Shangazi alinilalia begani akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba Bibi alikata roho saa nne, na kwamba tangu alfajiri kila kitu kikilia njiani aliuliza, "Ndiyo hiyo pikipiki?" Lori la misheni likapita, akawaambia wafungue mlango.

Saa nne tulikuwa Kisarawe, jeti iko mdomoni mwa fundi. Kwa hiyo hata ningesema, tusingemkuta hai. Lakini kaburini tungewahi. Hilo nimelipima mara nyingi, halibadiliki.

Siku ya tatu, baada ya khitima, vijana waliisukuma pikipiki mpaka nyumbani kwa Bibi. Baba akamwaga petroli yote kwenye karai, akainama. Nyuzi zilikuwa zimelala chini, nyeusi. Nikaenda kuleta kile kipande cha kaniki, nilikuwa nimekifungia daftari nililokuja nalo.

"Baba, nilichuja kwa hiki."

"Ngozi iko wapi?"

"Mbwa aliitafuna. Wiki ya kwanza."

Akakipokea kile kitambaa, akakigeuza. Alikijua ni cha nani.

"Na Kisarawe ulijua." Hakuwa anauliza.

"Nilijua."

Alikikunja, akakitia mfuko wa shati. Alisuuza tangi, akapuliza jeti, akafunga kila kitu mahali pake, akajaza petroli ya kuazima, akawasha. Kisha akanipa bisibisi.

"Zungusha wewe. Ikifika sawa, sema."

Nikazungusha skrubu ya silensa kidogo kidogo. Mngurumo ukapanda, ukashuka, ukatulia.

"Hapo," nikasema.

"Sisikii."

"Hapo, Baba."

"Sema usikike."

Nikasema kwa sauti iliyowafanya wanawake jikoni wageuke. Baba akachukua bisibisi. "Haya," akasema, basi.

Hajaniita mama tena. Ananiita binti, kwa upole tu. Sijui kama ni hasira, au kama neno lenyewe halimtoki. Siku ya kurudi shule alinipeleka stesheni, akashusha sanduku langu, pikipiki imesimama kando yake inanguruma. Nikavaa viatu upya, nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga tena, nikingoja aniite.

"Haya, binti. Soma vizuri."

Treni ikaondoka. Alikuwa bado amesimama pale, na silensa haikuzima.