Gauni Alilolivua Dada Yangu

Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshalijua gauni la shule. Lilikuwa la buluu iliyokolea, lenye kola nyeupe, na dada yangu mkubwa alilivaa asubuhi akiwa amesimama nje ya mlango, maana ndani kulikuwa na moshi na hakutaka linuke. Kwetu Kamina dada mkubwa tunamwita yaya. Nilikaa kizingitini nikimtazama anavyofunga vifungo, kisha nikamfuata hadi penye reli. Hapo alinishika mabega, akanigeuza, akanielekeza nyumbani. Nilitamani jambo moja tu: siku moja nisirudishwe.

Yaya alisoma kwa masista. Karibu na kambi yetu ya wafanyakazi wa reli ilikuwapo shule nyingine, ambako mtoto aliweza kwenda na kitambaa chochote alichonacho. Lakini baba, aliyekuwa akipakia makaa kwenye injini za treni, alisikia kwamba masista wanafundisha Kifaransa mapema, na neno hilo lilimwingia. Masista walitaka minervali, yaani karo. Walitaka vitabu vinunuliwe kwao. Walitaka gauni la kitambaa kilichouzwa kwenye duka la Mgiriki mmoja tu, na viatu vyeupe vya turubai, katika mji ambao vumbi lake ni jekundu. Kila Jumamosi mama alivipaka pemba, ule udongo mweupe, akivianika juu ya paa la banda la kuku.

Ili hayo yote yapatikane baba aliuza baiskeli yake, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Sikumbuki mtu akilalamika. Nakumbuka ukuta ambapo baiskeli ilikuwa ikiegemezwa, jinsi ulivyobaki na alama ya usukani.

Ukafika mwaka wangu wa kuanza. Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi, baada ya misa, sista alimwambia mama kwamba gauni la yaya limekuwa fupi mno, atafute jipya kabla ya shule kufunguliwa. Mchana ule wazazi walikaa barazani wakizungumza, wakidhani kelele za kinu zinatuzuia kusikia.

“Mutoto moja tutavalisha,” baba alisema. “Batoto babili hapana. Mukubwa amalizie, mudogo angoye.”

“Akingoya, ku masomo habatamukamata tena,” mama akajibu. “Nilisha kuuliza mamere, ule sista mukubwa. Anasema mutoto akipita myaka, basi.”

Yaya aliusimamisha mchi. Kesho yake alipotea tangu asubuhi, akarudi jua limeanza kuinama, kifurushi kwapani. Alikuwa amekwenda kwa fundi mmoja wa kushona, mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka Maniema, aliyeweka mashini yake kwenye veranda ya duka karibu na soko. Alimwomba afumue gauni lake, alikate, alishone upya kwa kipimo changu. Hakuwa na cha kumpa, basi wakakubaliana atakuja kumfanyia kazi ya vifungo na pindo.

“Vaa,” akaniambia.

Nikavaa. Lilinikaa barabara. Nikaruka, nikazunguka, kisha nikamuuliza, “Na ya kwako iko wapi, yaya?”

“Njo hii,” akasema, akiligusa begani mwangu.

“Weye utavaa nini sasa?”

“Minyi nilisha kusoma. Geuka, nione mugongo.”

Mama alipoliona alikaa chini, asimgombeze. Baba alirudi mweusi kwa makaa, akalitazama gauni, akamtazama yaya, akatoka kwenda kunawa. Alikawia huko kuliko siku zote.

Siku ya kwanza yaya alinisindikiza hadi relini, na safari hii yeye ndiye aliyegeuka. Nililitamani gauni lile miaka yote kwa ajili ya kutembea naye bega kwa bega. Sasa lilikuwa mwilini mwangu, na njia nilikuwa naipita peke yangu. Darasani nililia. Wenzangu walimwambia sista kwamba namlilia mama.

Yaya akazoea mashini. Baadaye ndiye aliyenishonea magauni mengine, kwa mabaki ya kitambaa aliyopewa na fundi. Shule zikikaribia kufunguliwa veranda ilijaa wasichana waliokuja kupimwa, na baadhi yao walikuwa wamekaa naye benchi moja. Mmoja akamuuliza, “Na weye, utarudia ku masomo lini?” Yaya, pini mdomoni, akamgeuza kumpima mabega.

Jioni alipiga pasi nami nikamsomea. Nilipokosea alinisahihisha bila kuinua macho. Kisha ukafika ukurasa ambao nilisoma vibaya, nikangoja, naye asiseme neno. Kitabu kilikuwa kimempita.

“Endelea tu,” alisema, akaisogeza pasi.

Aliolewa na mtu wa reli, akahamia Luena. Mimi nilimaliza, nikawa mwalimu, na likizo yangu ya kwanza nikapanda treni kwenda kumwona. Nilimkuta ana mashini yake mwenyewe na watoto wamemzunguka. Tulipokuwa tunamenya mihogo nikamuuliza lile lililonikaa moyoni.

“Yaya, kuacha masomo kulikuumiza?”

“Sana,” akasema palepale. “Mwaka ule wote nilipita njia ya nyuma, nisisikie batoto banaimba. Kisha nikaipenda mashini. Hata leo naipenda. Lakini ile kuimba, hapana, sikuisahau.”

Machozi yakanitoka. Akanipiga begani kwa mkono wenye maganda.

“Eh, acha hiyo. Imba, nisikie.”

Nikaimba nyimbo za masista, za kuhesabu na za Bikira Maria, Kifaransa na Kiluba. Akazidaka moja moja, akiyavuruga maneno, akicheka, akisema tena, tena. Watoto walitucheka. Mume wake alirudi kazini akasimama mlangoni na mfuko wake, asijue aingie au angoje. Mihogo tuliyokuwa tumeibandika motoni iliungua.

Nilikuwa nimekusudia kulala kwake siku chache. Nilikaa mpaka likizo ikaisha, na haikutosha. Tulimzika zamani sasa. Nyimbo zile bado nazijua zote, ila siziimbi tena kama masista walivyotufundisha. Naziimba na makosa yake.