Honi Aliyoingoja Babu

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, babu aliponiita nikiwa naanua usipa, dagaa wa huku, kwenye kichanja. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mbinga, ninakosoma kidato cha tatu, kuja huku ziwani kukaa naye likizo. Bibi alishafariki, na macho ya babu yalikuwa hayaoni tena.

"Mke wangu," aliniita, kama babu wa huku wanavyotutania wajukuu wa kike, "meli inapita leo. Toa shuka jeupe la bibi yako."

Babu alikuwa baharia kwenye meli kubwa ya abiria tangu ujana wake hadi alipostaafu. Safari zake nimezisikia mpaka naona kama nilikuwemo: Mbamba Bay, Liuli, Manda, hadi Itungi; upepo wa mwera ukivuma, wanaume wazima wanatapika kwenye ndoo huku akina mama wanaimba nyimbo za kanisani. Kijijini kwetu meli haisimami. Kwa hiyo bibi alikuwa anapanda kwenye jiwe kubwa ufukweni, anapunga shuka, na meli inajibu honi tatu. Maana yake mumeo yumo, na ni mzima.

Miaka mingi meli ile ilikuwa imelazwa, mbovu. Sasa ilikuwa inapelekwa Itungi, na hakuna aliyejua kama itarudi huku kwetu. Nahodha wake alifundishwa kazi na babu. Alimwambia kwenye simu, "Mzee wangu, nikiona shuka tu, napiga." Babu akanyolewa ndevu kwa ajili ya honi hiyo. "Nikiisikia, nimemaliza," alisema. Nikamkalisha mlangoni, nikaenda.

Pale kwenye jiwe kulikuwa na wasichana wanafua na wavulana wanaoga. Mimi kusimama mbele za watu siwezi. Hata darasani, nikiulizwa jibu ninalolijua, nanyamaza.

"Mke wa baharia huyo!" msichana mmoja alipiga kelele. "Kaja kumpokea mumewe!"

"Mumewe si yuko nyumbani, hana meno!"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha sabuni majini. Nikalikunja shuka, nikalibana kwapani, nikajibanza nyuma ya jiwe. Meli ikatokea, kubwa kuliko nilivyoifikiria. Nikajiambia, ikifika usawa wa kanisa nitapanda. Ikafika. Nikajiambia, ikifika kwenye ile mitumbwi. Ikapita mitumbwi. Nikabaki naitazama kwa nyuma, inazidi kuwa ndogo. Haikulia hata mara moja.

Nilimkuta babu bado ameelekeza sikio ziwani.

"Ulipunga?"

"Nilipunga, babu."

"Juu kabisa ya jiwe?"

"Juu kabisa."

Aligeuza uso kutoka ziwani. Halafu akasema taratibu, kama anayemtetea mtu, "Basi amenisahau. Tusimlaumu, kazi ya nahodha ni nyingi." Ugali hakuugusa. Alisema amechoka, akajilaza mapema, uso ukutani, na mimi nikaosha sufuria moja kwa muda mrefu sana ili nisiingie ndani.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilimpelekea maji ya uvuguvugu ya kunawa, nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Alitia mikono kwenye beseni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kabla sijaogopa. "Babu, sikupunga. Nililificha shuka. Walikuwa wananicheka, nikaona aibu."

Mikono yake ilitulia majini.

"Kwa hiyo hakunisahau?"

"Hakukusahau. Hakuona kitu cha kujibu."

"Hao waliokucheka walikuwa wengi?"

"Kama saba hivi."

Akatikisa kichwa, lakini sikujua ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya hao saba. Mikono hakuitoa. Nikachukua sabuni, nikamnawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mpaka maji yakapoa.