Mama Pasi apokea lindo

Siku mume wake anaporudi kutoka jeshini moja kwa moja, bila tarehe ya kurejea kambini, Mama Pasi amefunga mapema kibanda chake cha udobi na kuvaa gauni la kijani ambalo mume huyo alikuwa akilisifia. Mwanaume anashuka kwenye gari na begi moja. Anaingia uwani, anaweka begi chini, kisha anaizunguka nyumba yote kwa nje. Anajaribu kila dirisha kwa kiganja. Anachungulia nyuma ya tangi la maji. Ndipo anakuja kusalimia.

"Nilikuwa nimenyoosha mikono hivi," anasema Mama Pasi, akionyesha. "Ikabaki hewani kama nguo iliyoanikwa. Nikacheka. Nilidhani ni utani wake, maana alikuwa mtu wa utani sana."

Haukuwa utani. Kwa hesabu ya mke, siku hiyo ndiyo aliyoondoka mumewe. Miaka yote ya jeshi alijua yuko wapi, na alijua akirudi atarudi yule yule. "Sasa yuko hapo sebuleni, namuona, na nimemkumbuka kuliko alipokuwa mpakani."

Kibanda chake kipo kando ya barabara ya vumbi, ubavuni mwa nyumba. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu za kutundikia, na beseni la maji ya kunyunyizia. Shati analianza kwenye kola, anakwenda mabegani, mikono, na kifua anakiacha mwisho. Wateja wake ni walimu, makarani, wanakwaya na bwana harusi mmoja mmoja. Wao ndio waliompa jina la Mama Pasi.

"Dobi hafichwi kitu," anasema. "Namjua aliyeongezeka kiuno na bado anabisha. Namjua anayefuta machozi kwa mkono wa shati."

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Koplo, naye alikuwa fundi wa pasi kwa namna yake. Zamani akija likizo, alisimama nyuma ya mkewe na kukagua suruali za watu. "Mstari huu umelewa," alikuwa akisema. Mke naye akimjibu, "Basi piga wewe, Koplo." Hapo mwanaume alipiga saluti kwa mkono wenye povu la sabuni na kusema, "Ndiyo, afande." Watoto wa jirani walikuwa wakija kuangalia.

Aliporudi moja kwa moja, hakuigusa pasi. Aliung'oa mlango wa jikoni kwenye bawaba zake na kuuegemeza ukutani, ili mtu akikaa sebuleni aone mpaka uwani. Alihamisha kiti chake mara kadhaa mpaka akapata pembe aliyoitaka. Pasi ya mkaa ikawa tatizo, kwa kuwa mkaa ulipopasuka ndani yake, Koplo alikuwa chini sakafuni kabla mkewe hajageuza shingo. Mama Pasi aliitoa pasi hiyo kwa jirani na kuanza kutumia ya umeme, ambayo inamla sehemu kubwa ya anachopata.

Lililomuuma zaidi ni shuka. Kila alipotandua kitanda ili afue, aliona upande wake umekunjamana, na upande wa mumewe umebaki na mikunjo ile ile aliyoipiga mwenyewe kwa pasi.

"Shuka za watu wote wa mtaa huu zinakuja kwangu zimelaliwa," anasema. "Yangu nusu ilikuwa haihitaji hata maji."

Kwanza alidhani kuna mambo ya mwanamke mwingine. Lakini mwanaume alikuwa haendi popote. Alikuwa kwenye kiti chake, macho mlangoni, mpaka kunakucha. Siku moja akamuuliza waziwazi, kwa nini haji kulala. Koplo akajibu neno moja.

"Sijapokewa."

Neno hilo lilimkata maini. Alilichukua kwenda nalo kwa dada wa mumewe, ambaye ndiye wifi yake na ndiye rafiki yake.

"Kaka yangu kasema nini hasa?"

"Ati hajapokewa."

"Hajapokewa? Na mimi nilikuja kesho yake na watoto wangu wote, na tukamaliza sukari yenu?"

"Ndivyo alivyosema, wifi."

"Basi tumpokee mpaka achoke mwenyewe."

Wakampokea. Walikodi viti na turubai. Wakapika wali na kuku, wakaagiza keki yenye maandishi ya kumkaribisha nyumbani. Wajomba walikuja na hotuba zao mifukoni. Koplo alivaa shati jeupe alilopewa, akaenda kusimama getini, na hakuondoka hapo. Alimsalimia kila mgeni kwa heshima na kumkagua pochi. Shangazi mmoja alikasirika. Mjomba mmoja alisifu kwamba huo ndio ukarimu, mwenye sherehe kuwafungulia wageni yeye mwenyewe. Keki ilikatwa bila mwenyewe.

Wageni walipokwisha kuondoka, mke alimfuata pale getini.

"Sasa umepokewa?"

Koplo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. "Bado," akasema.

Asubuhi iliyofuata Mama Pasi aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aanze kazi. Alama ya pasi ilibaki mgongoni kama jani. Alimlipa mwenye shati, akafunga kibanda, akamwambia mumewe kwamba wanakwenda hospitali.

Kliniki ya afya ya akili ipo nyuma ya hospitali kubwa, karibu na bohari la vitanda vibovu. Nesi aliwapokea vizuri, akamuuliza Koplo anajisikiaje. Koplo alisimama, akanyoosha mgongo, akaunganisha visigino.

"Salama. Hakuna la kuripoti."

Analala? Salama. Anakula? Salama. Kuna kinachomsumbua? Hakuna la kuripoti. Mke alipofungua mdomo kusema habari za mlango wa jikoni, mumewe alimgeukia kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona. Nje, karibu na bomba la maji, ndipo alipozungumza.

"Unataka niitwe mtegaji?"

Mama Pasi hakujua maana yake kwa askari. Alikuja kuelezwa baadaye kwamba kambini, anayejiandikisha mgonjwa ili akwepe kazi huitwa hivyo, na likikushika jina hilo halikuachi. Mumewe alikuwa radhi kukaa macho mpaka afe kuliko kuitwa mtegaji na mtu aliyevaa koti jeupe.

Akakataa kurudi. Siku ya miadi mke alikwenda peke yake, akiwa na mfuko wa mashuka ya wateja begani, akakaa mbele ya nesi yule yule na kulalamika. Alilalamika juu ya mlango, juu ya kiti, juu ya sherehe na fedha za viti. Alipofika kwenye lile neno, alisema mumewe ana kinyongo kwamba hawakumjali.

"Subiri kidogo, mama," alisema nesi, ambaye amehudumia askari wastaafu kwa miaka mingi. "Usinipe maana yake. Nipe neno lenyewe."

"Alisema, 'Sijapokewa.'"

"Na wewe ulikuwa umemuuliza nini?"

"Nilimuuliza mbona haji kulala."

Nesi akaweka kalamu chini. "Askari akiwa kwenye lindo haondoki wala halali mpaka mwenzake afike kumpokea. Huyo hakukulalamikia. Alikujibu swali lako."

Mama Pasi anaposimulia hapo hunyunyizia maji shati lililo mezani, na kulipitishia pasi mahali alipokwisha kupapiga.

"Mtu kanijibu," anasema. "Mimi nikampikia wali."

Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba anataka kumpokea lindo. Koplo akasema, "Wewe hujui lindo." Mke akasema, "Nifundishe." Mafunzo yalichukua karibu wiki nzima. Walizunguka nyumba pamoja, Koplo mbele, mkewe nyuma na kandambili zake, mpaka akaamrishwa azivue kwa kuwa zinapiga kelele.

"Hapa unaangalia nini?"

"Ukuta."

"Ukuta hauendi popote. Angalia kivuli chake. Rudia."

Wifi alipokuja akawakuta kwenye shughuli hiyo, alishika kiuno. "Siku hizi nyumba hii ina kuruta?" Kuruta ni askari anayeanza mafunzo. Mama Pasi alicheka mpaka akakaa chini. Koplo hakucheka, lakini alisubiri mkewe amalize, na hilo lenyewe mke aliliona ni kubwa.

Kukabidhiana kukawa na maneno yake. Koplo alisema lindo salama, hakuna la kuripoti. Mke alitakiwa kujibu, "Nimepokea."

"Mara ya kwanza nilisema, 'Nimepokea, mpenzi.' Akaniambia nianze upya."

Alianza upya. Koplo alisimama kidogo, akatazama mlango, akamtazama mkewe, kisha akajilaza kwenye mkeka pale pale sebuleni na viatu vyake miguuni. Mama Pasi aliburuta meza ya kazi kutoka kibandani mpaka karibu na mlango, akapiga pasi za wateja huku akilinda. Baada ya muda akasikia sauti, akaizima pasi ili asikie vizuri.

"Alikuwa anakoroma. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huyu mtu hukoroma."

Alipompelekea nesi habari hizo kwa furaha, nesi alifurahi naye, kisha akamwambia ukweli. Hilo ni gongo la kutembelea, alisema, na mguu bado umevunjika. Kama mume atalala tu pale mke anapokesha, watakuwa wagonjwa wawili nyumba moja. Bila shaka kulikuwa na jambo lililotokea kwenye lindo fulani, alisema, na jambo hilo lilihitaji kusemwa mbele ya mtu anayejua kulisikiliza.

Mama Pasi alikwisha kuanza kusinzia juu ya mashati. Wifi alijitolea kupokea Jumamosi na Jumapili, akafaulu mafunzo kwa siku moja, na mpaka leo hajaacha kumkumbusha mwenzake.

Asubuhi moja Koplo aliamka, akakaa kwenye mkeka akifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Akasema bila kumtazama mtu, "Aliyekuwa anipokee hakufika."

Mke akauliza, "Nani?"

Koplo akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Aliporudi, mke hakumuuliza tena. Alimwambia tu kwamba hospitali yuko mtu anayengoja kulisikia hilo, na atangoja.

"Nitaonekana mtegaji."

"Mtegaji anakwepa kazi. Hii ndiyo kazi uliyobakiwa nayo."

Koplo aliitua ndoo. Jumanne iliyofuata alikuwa amekwisha kunyoa ndevu kabla mkewe hajafungua kibanda, na mfuko wa nguo za wateja wa njiani alikuwa ameubeba yeye.

Mara za kwanza waliingia pamoja, na mke ndiye aliyejibu maswali yote, mpaka nesi akamwomba kwa upole akae nje. Haikuwa rahisi kwake. "Ningependa na mimi nijue," anasema. "Huyo ni wangu." Lakini anasema hatamlazimisha. Anachokitaka ni siku moja mumewe aingie chumbani, amkute mkewe amelala, na asimwamshe.

Bado hajaingia. Mkeka uko sebuleni, ingawa viatu sasa hukaa kando yake. Mlango wa jikoni umeegemezwa ukutani, na hakuna anayeuzungumzia.

Kliniki ni kila Jumanne. Koplo huingia, nesi hufunga mlango, na Mama Pasi hubaki kwenye benchi na mfuko wake mapajani. Wiki iliyopita mumewe alikaa humo ndani mpaka wahudumu wakaanza kutoka kwenda kula chakula cha mchana. Alikuwa anazungumza, sauti ilisikika, maneno hayakusikika. Alichosema, mkewe hajaambiwa.