Kipande cha Mwenye Kiwanda

Wifi yangu ana duka, nami nasuka nywele hapo barazani kwake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Ni mtu mwema, ila ana domo. Marehemu kaka yangu, mumewe, alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha sabuni, na kiwanda kilipouza hisa kwa wafanyakazi wake, naye akanunua chache. Alipofariki zikawa za mkewe. Basi tukakoma. Tangazo la sabuni likipita redioni, wifi anaongeza sauti. "Mnasikia? Kiwanda chetu hicho." Lori likipita barabarani, "La kwetu hilo." Nikamwambia, "Wifi, hisa zako zinatosha tairi moja la lile lori, tena la akiba." Alicheka, kesho yake akaendelea vilevile. Mtaa mzima ukambatiza Mwenye Kiwanda, naye akawa anaitika.

Sabuni yenyewe ni ile ya mche. Zamani watu walinunua mche mzima. Maisha yalipopanda wakaanza kuomba nusu, halafu robo. Kila kitu kikaenda hivyo hivyo: mafuta kwa kikombe, sukari kwenye kijifuko, hata wateja wangu waliokuwa wakisuka rasta ndefu wakawa wanataka mabutu tu, tena wanaomba nipunguze bei. Marehemu kaka alimtengenezea wifi meza ya kukatia. Unausukuma mche mpaka uguse ubao, unapitisha kisu kwenye misumari mitatu aliyoigongelea ukingoni, unapata vipande vinne vinavyolingana. Hata ukimtuma mtoto, anapewa kipande kilekile ambacho ungepewa wewe. Kwa ajili hiyo watu walipita maduka mengine wakaja kwake.

Siku moja dobi wetu, ambaye sabuni ndiyo inayomlisha, alirudi dukani na kipande mkononi. Akakiweka juu ya kingine kilichokuwa mezani. Kilikuwa kifupi.

"Dada, hiki umekikataje?"

"Labda kisu kimeteleza, ndugu yangu. Ngoja nikukatie kingine."

Akafungua mche mpya, akausukuma mpaka kwenye ubao. Vipande vitatu vikatoka sawa, cha nne kifupi. Akafungua mwingine, mambo yale yale. Karatasi ilikuwa na picha ile ile na bei haikuwa imebadilika, ila mche wenyewe ulikuwa umefupishwa kimyakimya.

"Si mimi," wifi akasema. "Wamepunguza kiwandani."

"Kiwandani wapi?" dobi akauliza. "Si kwenu?"

Waliokuwa dukani wakacheka. Wifi alijaribu kucheka nao, akashindwa. Miaka yote alikuwa akisema "chetu" kwa raha zake, na siku hiyo neno hilo lilimganda shingoni. Mtu hawezi kuwa mwenye kiwanda lori linapopita, halafu mche ukifupishwa akawa muuza duka tu.

Maneno yakaenea kwamba Mwenye Kiwanda anapunja. Dobi akahamia duka la ng'ambo ya barabara, ambako sabuni inakatwa kwa kukisia na vipande ni vidogo kuliko vya kwetu, lakini huko hakuna aliyewahi kujidai. Wengine wakamfuata. Wifi hana kingine anachotegemea zaidi ya kuaminika, na sasa watu walipita mbele ya duka lake wakiangalia upande mwingine. Tangazo likija redioni, akawa anapunguza sauti.

Nilimwonea huruma, na huruma yangu hutoka kwa ukali. Nikamwambia, "Ng'oa hiyo misumari uigongelee upya. Kila mtu apunguziwe kidogo, yaishe. Wenzako wote ndivyo wanavyofanya."

"Hiyo misumari aliigongelea kaka yako," akajibu.

Muda si mrefu ukaja ujumbe wa gawio la hisa kwenye simu yake. Alikuwa amejiandaa kwa mabaya. Kwa akili yake, kama watu wananunua robo robo, basi kiwanda kiko hoi na mwaka huo angeambulia patupu. Akanipa simu nimsomee. Gawio lilikuwa limepanda.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena.

"Watu hawana hela. Faida imetoka wapi?"

Akaenda mezani, akaulaza mche mzima. Kisha akaweka kidole pale mche ulipoishia, kwenye uwazi ambao zamani ulikuwa sabuni. "Imetoka hapa," akasema. "Kumbe nimelipwa na dobi."

Mimi nilimwambia azile hela hizo kimya, maana sijaona mtu anayesusa hela.

Asubuhi yake alimwona dobi akipita na furushi la nguo, akamwita. Dobi akaja amekunja uso. Wifi akamkabidhi kisu mbele ya watu. "Kata mwenyewe." Dobi akakata, vitatu sawa, cha nne kifupi. "Chagua." Akachagua kirefu, akalipa bei ile ile. Wifi akakichukua kile kifupi, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Hiki cha mwenye kiwanda," akasema.

Dobi alimtazama, akatazama misumari, akacheka taratibu. Hakikuwa kicheko cha siku ile. Wiki iliyofuata alirudi, na wengine wakarudi nyuma yake.

Tangu hapo kipande cha nne hakiuzwi. Gawio ndilo linaloziba pengo, na likija lote huishia hapo. Juzi niliingia nyumbani kwake kuomba sabuni ya kufulia taulo zangu, nikakuta vipande vifupi vimepangwa rafuni mpaka vinaziba dirisha. Nikakasirika kwa niaba yake.

"Wifi, si uuze hizo hisa upumzike?"

Alikuwa akikunja nguo, hata hakuinua kichwa. "Nikiziuza, kipande kifupi kitakuwa cha nani?"

Nikachukua kimoja, nikaenda kufua.