Saa Kumi ya Mama na Faili la Kuanzia

Miaka ile ya ruksa, Masasi kila kitu kiliruhusiwa. Mitumba ruksa, kununua korosho ruksa hata kwa mtu aliyepata mizani jana yake, na ofisi yetu ya utafiti wa maji nayo ikapata ruksa ya kuacha kufikiri, maana ilinunua kompyuta.

Nikakabidhiwa mimi. Nilikuwa nimesoma kozi ya takwimu miezi mitatu, na kiburi nilichotoka nacho kilikuwa cha miaka thelathini. Mtaalamu wa kigeni aliyeletwa na wafadhili alinifundisha programu ya takwimu, kisha akanionyesha faili dogo ambalo programu hulisoma kila inapowashwa, kabla ya jambo lolote. Ukiandika amri humo, mashine inaitii siku zote bila kuambiwa tena.

"Weka kila kitu humo," aliniambia, "ili asubuhi mtu asisumbuke kuamua."

Amri ya kwanza niliibuni mwenyewe. Dodoso liliuliza kina mama wanaondoka saa ngapi kwenda kuteka maji na wanarudi saa ngapi, na wadodosaji wetu waliandika saa kama tunavyozitaja: saa moja, moja; saa tatu, tatu. Mtaalamu saa zetu zilimvuruga kabisa. Basi nikaiamuru mashine iongeze sita kwenye kila saa, moja iwe saba, tatu iwe tisa, kama saa za kwao. Alinipongeza mbele ya mkuu wa ofisi, nami nikavimba. Amri ya pili ilikuwa yake: muda ukitoka chini ya sifuri, ufanywe sifuri, kwa kuwa hasi kwenye jedwali huwatia wafadhili wasiwasi.

Ripoti ikatoka kwa rangi tatu. Vijiji vilipangwa kwa kadiri ya taabu ya maji, na chenye taabu kuliko vyote ndicho kingechimbiwa kisima cha pampu. Cha kwanza kilikuwa kijiji cha bondeni, jirani kabisa na chemchemi, ambako mama anaondoka saa moja na kurudi saa tatu. Saa mbili nzima, maskini wa Mungu! Kijiji chetu, kule juu upande wa Kitangari, kilikuwa cha mwisho. Muda wa kuteka maji: sifuri.

"Kumbe kwenu mnateka maji kitandani," mkuu alinitania.

Nikacheka naye. Mpaka leo linaniuma kwamba nilicheka.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo, anajikanda shingo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamsimulia habari ya sifuri kama kichekesho. Hakucheka.

"Tunaondoka saa kumi, tunarudi saa nne," alisema. "Hiyo sifuri mmeitoa wapi?"

Nikapiga hesabu palepale. Kumi ukijumlisha sita ni kumi na sita, yaani jioni kwa saa za kwao. Nne na sita ni kumi. Kwa mashine yangu, mama aliondoka jioni akarudi asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla hajaondoka. Hasi sita, na hasi tulishaifanya sifuri. Saa kumi ya alfajiri! Mimi niliyeamshwa kwa ndoo saa hiyo mpaka nilipokwenda shule ya bweni, nilisahau kwamba ipo, kwa sababu ofisini saa kumi ni saa ya kurudi nyumbani. Niliona haya hata kumtazama.

Jumatatu nilifuta amri zote mbili na kuzirekebisha saa za alfajiri. Kijiji chetu kikapanda kutoka mkiani hadi kileleni. Nikampelekea mkuu jedwali, akalisoma, akakuna kidevu.

"Mwanangu, ripoti imeshasainiwa, na mtambo umeshaanza kuchimba bondeni," alisema. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Nilirudi Kitangari kumweleza mama mwenyewe, asije akalisikia kwa watu. Nilimwambia kisima kimekwenda bondeni, na amri ile niliyoiandika mimi kwa mkono wangu nimeifuta kwa kuchelewa. Alinisikiliza huku akipepeta mtama, mpaka nikamaliza.

"Na kuifuta kulikuchukua muda gani?"

"Dakika moja, mama."

"Basi ulale mapema," alisema. "Kesho tunakwenda wawili."