Dagaa Zangu Juu ya Sola ya Mgeni

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alifariki. Nikaanza kupeleka dagaa Kasulu kwa baiskeli, nalala porini na kibatari. Shida ile siitamani, ila usingizi wake naukumbuka mpaka leo.

Juzi binti mmoja msafiri wa baiskeli alipiga hema uani kwangu, Ujiji, akaenda kuoga ziwani. Nikaona katandika plastiki nyeusi juani. Enzi zetu tulianika mchangani! Nikazipanga dagaa zangu juu yake, kwa ustadi.

Aliporudi akapiga kelele: "Babu! Hiyo sola, nachajia simu! Mama asiponipata leo, safari imekufa!"

Akanitajia namba, nikampigia mama yake mwenyewe kwa simu yangu.

"Wewe nani? Mwanangu yuko wapi?"

Mimi, mwenye nyumba mbili Katubuka, mtumbwi na baiskeli ileile, nikajieleza: "Yupo, mama. Simu yake imezimwa na dagaa zangu."